Oda ya Korti si Hukumu: Mazungumzo Juu ya Amri za Muda Katika Ugomvi wa Mashamba na Ploti

(Haya ni maneno ya mazungumzo tuliyotoa kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo. Wengi waliomba wayapate kwa maandishi ili wakayasome na wenzao nyumbani.)



Leo tuna jambo moja tu la kuzungumza. Ni ile karatasi ambayo mtu hurudi nayo kutoka mjini akiipunga na kusema, "Nimepata oda!" Majirani hupiga vigelegele, na wengine hudhani kesi imekwisha. Baada ya wiki mbili au tatu tunasikia kilio: ua umeng'olewa, mabati yamebebwa, na mwenye oda bado anayo mfukoni.

Katika vikundi vyetu wako watu wenye ploti waliofika na kukuta wengine wamejenga juu yake. Wako pia watu walioishi mahali miaka 20 wakaambiwa watoke. Wote ni wetu na wote hukaa benchi moja. Kwa hivyo hatukuja kutetea upande mmoja. Tunataka kila mmoja ajue oda hiyo inafanya nini na haifanyi nini, kwa sababu kutojua kumewagharimu watu wengi kuliko ubaya wa sheria yenyewe.

AMRI YA MUDA NI NINI?

Kesi ya ardhi haimaliziki kwa siku moja. Hati hutafutwa katika ofisi ya ardhi, mpima ardhi huitwa, mashahidi husikilizwa. Miaka inaweza kupita. Sasa, kama wakati huo wote mtu mmoja anaruhusiwa kubomoa nyumba au kuuza shamba kwa mtu wa tatu, hukumu itakuja kumkuta nani? Hukumu itakuwa imeshinda vumbi.

Ndiyo maana Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010, katika sehemu ya 40, zinairuhusu korti kusimamisha mambo wakati kesi inaendelea. Korti inaweza kumzuia mtu asijenge, asibomoe, asiuze, asilime, au asimtoe mwenzake.

Fikirini ng'ombe anayegombaniwa na watu wawili. Mzee wa kijiji anasema, "Mfungeni hapa kwenye mti mpaka tusikilize." Je, kumfunga ng'ombe kunasema ni wa nani? Hapana. Kunasema tu kwamba asichinjwe kabla hatujajua mwenyewe. Amri ya muda ni kamba hiyo. Aliyeipata hajashinda, na aliyezuiliwa hajashindwa.

HAKIMU HUULIZA NINI?

Korti zetu zimefuata njia moja tangu mwaka 1973, ilipoamuliwa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Njia yenyewe ina maswali matatu, na mtu akiyajua atajua pia abebe nini akienda kortini.

Swali la kwanza: je, una hoja yenye uzito? Hakimu hatafuti ushahidi wote siku hiyo. Anataka kuona kwamba iko haki ambayo inaonekana kuvunjwa, na kwamba upande wa pili una jambo la kujibu. Hapa ndipo karatasi zinapohitajika: hati ya kumiliki ardhi, barua ya kugawiwa ploti, mapatano ya kuuziana, risiti za kodi ya ardhi, picha za nyumba na miti uliyopanda. Mtu asiye na hati asikate tamaa mara moja. Sheria ya Kenya inamtambua mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe. Huyo anaweza kuomba korti imtambue. Lakini sharti hilo halimfai mpangaji, wala mtu aliyekaribishwa na mwenye shamba, wala haliwezi kutumiwa juu ya ardhi ya serikali.

Swali la pili: je, hasara utakayopata inaweza kulipwa kwa fedha? Kama unacholilia ni kodi ya nyumba ya miezi mitatu, hakimu atasema hiyo inahesabika, na ukishinda utalipwa. Lakini boma unamolala watoto, makaburi ya wazazi, kisima ambacho ni cha pekee, shamba ambalo likiuzwa kwa mwingine halitarudi, hayo hayana bei rahisi. Mwombaji lazima aeleze hasara hiyo kwa maneno yake katika hati ya kiapo. Haitoshi kusema "nitaumia." Utaumia vipi?

Swali la tatu huja pale hakimu anapokuwa na shaka: ni nani atakayeumia zaidi? Je, ni yule atakayezuiliwa kujenga kwa miezi kadhaa, au ni yule ambaye nyumba yake itabomolewa?

Tuchukue mfano. Mama mjane anaishi kwenye ekari 2 alizoachiwa na mumewe. Hati bado ina jina la marehemu. Shemeji yake ameuza ekari moja, na mnunuzi amekuja na lori la mawe. Kwa swali la kwanza mama ana hoja nzuri, kwa sababu Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Kwa swali la pili, hapo ndipo nyumbani kwake. Kwa swali la tatu, mnunuzi akisubiri hatalala nje.

Lakini mama huyu huyu anaweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Kwa nini? Kwa sababu ardhi iko kwa jina la marehemu, na korti itamwuliza: wewe umepewa na nani mamlaka ya kushtaki kwa niaba ya mali hii? Kwa hivyo aende kwanza kuomba barua ya usimamizi wa mali ya marehemu. Kama mambo ni ya haraka, iko barua yenye mipaka inayotolewa kwa ajili ya kesi tu. Wajane wengi wameshindwa hapa, wala si kwa kukosa haki. Kama kuna familia katika kikundi chenu ambayo baba alifariki na hakuna aliyeshughulikia urithi, msingoje lori la mawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SIKU 14 ZA KWANZA

Mara nyingine hatari iko mlangoni. Tingatinga linakuja kesho. Hapo korti inaweza kumsikiliza mwombaji peke yake na kutoa amri kabla upande wa pili haujaitwa. Amri ya namna hii ina masharti makali, na hapa ndipo watu wengi wanapoanguka.

Kwanza, haizidi siku 14. Inaweza kuongezwa mara moja tu, kwa kukubaliana au kwa amri ya korti, na nyongeza yenyewe haipiti siku 14 nyingine.

Pili, lazima mwombaji amkabidhi mwenzake amri hiyo pamoja na maombi na hati za kesi katika siku 3 tangu itolewe. Asipofanya hivyo, amri inakufa yenyewe. Hakuna haja ya mtu kuja kuifuta. Unaweza kuwa unaitundika ukutani kumbe ilishakufa Jumanne.

Tatu, lazima useme ukweli wote, hata ule usiokusaidia. Kama kulikuwa na kesi nyingine juu ya shamba hilo, sema. Kama uliwahi kupokea sehemu ya pesa za kuliuza, sema. Korti ikigundua ulificha jambo kubwa ukiwa peke yako mbele ya hakimu, itaifuta amri, na siku nyingine hata ukweli wako utaonekana uongo.

Baadaye pande zote mbili husikilizwa. Kanuni zinataka maombi yasikilizwe katika siku 60 tangu yapelekwe kortini, isipokuwa korti iwe na sababu nzuri ya kuongeza muda. Hapo hakimu anaweza kuendeleza amri, kuibadilisha au kuiondoa. Anaweza pia kumtaka mwombaji aahidi kwamba akishindwa atalipa hasara ya yule aliyezuiliwa. Kwa hivyo oda si kitu cha kuchukua kwa mzaha.

"HALI IBAKI KAMA ILIVYO"

Maneno haya manne yameleta vita vijijini. Hakimu anasema hali ibaki kama ilivyo mpaka tarehe fulani. Mnatoka nje ya korti, kila mmoja anacheka, kila mmoja anadhani ameshinda. Mmoja anasema, "Hali ilivyo ni kwamba mimi ndiye ninayelima." Wa pili anasema, "La, nilishaweka ua juzi, kwa hivyo hali ilivyo ni ua wangu."

Turudi kwa ng'ombe wetu. Amefungwa, sawa. Lakini nani atamkamua? Nani atamlisha? Mambo hayo yasipotajwa, watu watapigana kando ya kamba.

Kwa hivyo, mkiwa kortini, wewe au wakili wako muombe hakimu aandike hali yenyewe: ni nani anayekaa hapo sasa, ni nani atakayevuna mahindi yaliyo shambani, nani atapokea kodi ya vyumba, na kwamba hakuna atakayejenga, kuuza wala kukata miti. Kama ua uliwekwa usiku wa kuamkia kesi, sema hivyo na uonyeshe picha za kabla na za baada. Nusu saa ya kuuliza kortini inaokoa miezi ya kugombana.

Na kama hofu yako ni kuuzwa kwa shamba, usitegemee tu kwamba mwenzako ataogopa. Amri ya kuzuia kuuza ipelekwe pia katika ofisi ya usajili wa ardhi ili iandikwe kwenye rejista. Mnunuzi akienda kuchungua ataikuta.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTOA

Sasa tuongee na wenye ploti. Mtu amevamia kiwanja chako. Unaenda kortini unataka oda ya muda ya kumtoa wiki hiyo hiyo. Je, utaipata?

Mara nyingi hapana. Korti hutoa kwa wepesi zaidi amri ya kusema "simama hapo ulipo." Amri ya kusema "toka, na ubomoe" ni kama hukumu yenyewe, na korti haipendi kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Itafanya hivyo tu pale mambo yako wazi kabisa au kuna sababu ya pekee, kwa mfano pale mtu alipoharakisha kuingia au kubomoa ili kuishinda korti mbio.

Na hata haki ikiwa yako, sheria imeweka njia ya kumtoa mtu. Sheria ya Ardhi ya 2012, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwenye ardhi ya binafsi atoe ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu. Iandikwe kwa lugha inayotakiwa, ieleze habari za kuondoa majengo na kuvuna mimea iliyo shambani, na nakala zipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo. Kama wanaoambiwa watoke ni kundi kubwa, ilani itangazwe katika magazeti mawili ya nchi nzima na kubandikwa mahali pasipopungua patano katika ardhi hiyo. Anayepewa ilani anaweza kwenda kortini, na korti inaweza kuikubali, kuibadilisha, kuisimamisha au kuifuta.

Siku ya kutoa watu ikifika, wanaofanya kazi hiyo lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini. Lazima watoto, wazee, akina mama na walemavu wapewe ulinzi, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyao. Kwa hivyo, ndugu mwenye ploti, kukodi vijana wenye marungu usiku hakukuletei shamba. Kunakuletea kesi ya pili, na katika hiyo wewe ndiwe mshtakiwa.

KARATASI HAINA MIKONO

Hapa tunafika kwenye neno gumu, na hatutaki kuwadanganya. Oda ya korti inaweza kudharauliwa, na walioidharau si wahuni wa vijijini peke yao.

Kulikuwa na kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, chenye kaya zaidi ya 3,000. Mwezi wa Septemba 2011 wakazi walipewa ilani ya siku 7 kupitia gazetini. Wakaenda Mahakama Kuu wakapata amri ya kuzuia wasitolewe. Tarehe 19 Novemba 2011 nyumba zao zilibomolewa huku amri ikiwa bado hai. Wakaendelea na kesi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema haki zao zilivunjwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Hatimaye tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ilisema kwamba watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi hata bila hati, na kwamba korti zina uwezo wa kutoa amri za muda na kuendelea kusimamia utekelezaji wake. Kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili nafuu yao iamuliwe. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 9 tangu tingatinga lipite.

Tena tarehe 4 Mei 2020, wakati wa korona, nyumba za watu zilibomolewa Kariobangi, Nairobi, ijapokuwa wakazi walikuwa wamepata amri ya korti ya kusimamisha jambo hilo.

Je, tuseme basi oda haina maana? Hapana. Mitumba wasingekuwa na lolote la kupeleka Mahakama ya Juu kama wasingekwenda kortini mapema. Lakini tujifunze kwamba karatasi haina mikono wala miguu. Inahitaji watu wa kuibeba. Anayeivunja amri akiijua anaweza kufungwa hadi miezi 6 na mali yake kushikwa, lakini lazima wewe uthibitishe kwamba aliijua. Ndiyo maana amri hukabidhiwa kwa mkono wa mpeleka hati wa korti, ambaye baadaye huapa kwamba ameifikisha, siku gani na kwa nani.

ODA ISIGEUKE KITANDA

Iko hatari nyingine, na hii inawahusu walioshinda ile siku ya kwanza. Mtu anapata amri ya muda, anatulia, anaanza kulalia juu yake. Tarehe za kesi zikifika hana haja, kwa sababu shamba analitumia yeye. Mwenzake anazeeka akisubiri.

Sheria imeliona jambo hilo. Kanuni zinasema kwamba kesi isipoamuliwa katika miezi 12 tangu amri itolewe, amri hiyo inaisha, isipokuwa korti itoe agizo lingine kwa sababu ya kutosha. Kwa hivyo anayechelewesha makusudi anaweza kuamka siku moja kamba imekatika. Na aliyezuiliwa asikae kulalamika sokoni. Anaweza kuomba korti iiondoe au iibadilishe amri, na anaweza kudai kesi yenyewe isikilizwe.

TUFANYE NINI?

Tunaomba kila kikundi kiyashike haya:

1. Wekeni karatasi za ardhi mahali salama, na nakala kwa mtu mwingine. Pigeni picha za nyumba, mipaka na mimea hata kama hakuna ugomvi.

2. Mkiona mawe ya mpaka mapya au ilani mlangoni, andikeni tarehe siku hiyo hiyo na mtafute ushauri wiki hiyo hiyo. Anayechelewa huulizwa na korti, "Ulikuwa wapi?"

3. Nendeni korti inayofaa. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndiyo yenye uwezo mkubwa, lakini mahakimu walioteuliwa husikiliza kesi za ardhi pia. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza jambo lenye thamani isiyozidi shilingi milioni 20. Chifu hawezi kutoa amri ya muda, ingawa anaweza kuwapatanisha.

4. Mkipata oda, isomeni mstari kwa mstari. Inazuia nini? Inaisha lini? Tarehe ya kurudi kortini ni ipi? Andikeni tarehe hizo ukutani.

5. Ikabidhiwe katika siku 3. Nakala ipelekwe kituo cha polisi na kwa chifu, na mtu wa kituoni aweke muhuri kwenye nakala yenu.

6. Kama hamna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliweka huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasiojiweza. Kituo cha Sheria pia kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1973. Ulizeni bila aibu.

7. Wakati kamba imeshikilia, zungumzeni. Katiba, kifungu cha 159, inazitaka korti zihimize mapatano. Amri ya muda huwapa watu wawili nafasi ya kukaa chini bila yeyote kuogopa kwamba akizungumza leo atabomolewa usiku. Wengi wamegawana shamba kwa amani katika muda huo, wakaenda kwa hakimu kuandikisha mapatano yao.

Ndugu zetu, tumesema mengi, lakini mkitoka hapa na moja tu, iwe hili: siku unayopata oda ni siku ya kuanza kazi, si siku ya sherehe. Siku unayoletewa oda, isome na ujibu. Usiichane, wala usichukue panga. Mwenye haki na asiye na haki wote wamepewa muda. Tuutumie vizuri, ili hukumu ikija ikute bado kuna nyumba ya kuhukumiwa, na majirani ambao bado wanasalimiana.

 Sasa tuko tayari kwa maswali.